Pombe ya Sherehe Usukumani: Kutoka Mtungi wa Walwa hadi Chupa ya Dukani

Katika nchi ya Wasukuma wa mashariki, inayoanzia Kiloleli na vijiji vingine vya Busega vilivyo karibu na Ghuba ya Speke na kuingia bara kupitia Bariadi na Itilima hadi Maswa na Meatu, tarehe ya sherehe kwa muda mrefu ilipangwa na nafaka. Aliyetaka kuoza binti, kulimiwa shamba, kukaribisha kundi la ngoma au kuwakumbuka wazee waliotangulia alianza kwa kuloweka mtama, kwa kuwa pombe ya mtama, ambayo kwa Kisukuma huitwa walwa, ilidai takriban wiki nzima ya kazi, na ikishaiva haikungoja mtu. Siku ya kwanza ilikuwa bado na utamu, siku ya pili ilikuwa kali na yenye uchachu, na baada ya hapo iligeuka siki. Pombe isiyowekeka haiwezi kumalizwa na mnywaji mmoja, wala haiwezi kufungiwa ndani ikisubiri bei ipande. Lazima watu waitwe. Sharti hilo la kuitana ndilo lililojenga sherehe za Usukumani, na historia ya kileo cha sherehe katika nchi hiyo ni kwa sehemu kubwa historia ya namna sharti hilo lilivyolegezwa, hatua kwa hatua, na sukari, na mtambo wa gongo, na hatimaye na chupa ya kiwandani.

Mipaka ya kiutawala ya eneo hili ni ya juzi tu. Mkoa wa Simiyu, ambao makao makuu yake ni Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuunganisha wilaya zilizomegwa kutoka mkoa wa Shinyanga pamoja na Busega, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Magu katika mkoa wa Mwanza. Kabla ya ukoloni na kwa muda wote wa ukoloni wenyewe, wakazi walijitambulisha kwa himaya zao, kama vile Ntuzu, Nassa, Kanadi na Itilima, kila moja ikiwa chini ya mtemi, yaani mtawala wa ukoo wa kifalme ambaye alisimamia ardhi, mvua na ibada. Pombe ilipita katika ngazi zote za utawala huo: iliandaliwa kwa waliolima mashamba ya mtemi, ilimiminwa chini kwa ajili ya masamva, ambao ni mizimu ya wazee wa ukoo, na ilipelekwa kwa banamhala, yaani baraza la wazee, shauri lilipokuwa limekwisha na wagombanao wamepatana.

Malighafi ya asili ilikuwa mtama na uwele, mazao yanayovumilia ukame wa nchi hii ambayo mvua zake huanza mwishoni mwa mwaka na kukoma karibu na Mei, tena bila uhakika. Mtama mwekundu ulikuwa na nafasi ya pekee. Maganda ya punje zake yana tanini, kemikali chungu ambayo huwafanya ndege, hasa kwelea kwelea, wapendelee mashamba mengine, na ambayo pia huufanya ugali wake usipendwe sana. Uchungu huohuo, ukiwekwa ndani ya pombe, huonekana kuwa ladha. Kwa hiyo mkulima aliyepanda mtama mwekundu alikuwa na akiba ambayo ndege waliiogopa, walaji hawakuigombania, na mpika pombe aliisubiri. Mahindi, ambayo leo yameenea katika karibu kila shamba, yalikuja kuchukua nafasi kubwa baadaye sana, na hata yalipoingia katika chungu cha pombe yaliingia kama kijazio, kwa sababu kazi ya kuigeuza nafaka kuwa kileo iliendelea kufanywa na kimea cha mtama au uwele.

Kimea ni nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa, kisha ikasagwa, na katika neno hilo moja imefichika sayansi yote ya upishi wa pombe ya Kiafrika. Punje kavu ina wanga, ambao chachu haiwezi kuugeuza kuwa kileo. Punje inapolowekwa kwa siku nzima, ikachujwa, ikatandazwa mahali penye joto na kufunikwa kwa majani au magunia, huanza kuota, na katika kuota huko hutengeneza vimeng'enya, yaani protini zenye uwezo wa kuukata wanga vipande vipande hadi uwe sukari, ili mche mchanga upate chakula. Mpika pombe huuachia mche huo siku mbili au tatu tu, kisha huukatiza kwa jua kabla haujaila sukari yote, na hivyo hubaki na unga uliojaa vimeng'enya vilivyolala. Uji mzito wa unga wa kawaida huchemshwa, huachwa upoe hadi kiwango ambacho kidole kinavumilia kwa shida, kisha unga wa kimea hukorogwa ndani yake. Katika muda wa saa chache uji uliokuwa mzito huwa mwepesi na mtamu bila kuongezwa chochote kingine. Hapo anayetaka kinywaji kisicholevya hupata togwa, ambayo huwafaa watoto, wagonjwa na wachamungu. Anayetaka pombe huendelea.

Kuendelea kulikuwa na hatua zilizotofautiana kati ya nyumba na nyumba, lakini mpango wake ulifanana. Uji ule mtamu uliachwa uchachuke kwa bakteria wa asidi ya laktiki, walewale wanaogandisha maziwa, na uchachu huo ulikuwa kinga, kwa kuwa vijidudu vingi vya magonjwa haviishi katika asidi. Baadaye ulichemshwa tena kwa muda mrefu, ukapozwa, ukatiwa kimea cha mara ya pili pamoja na machicha ya pombe iliyopita, ambayo ndani yake zimo hamira hai. Usiku mmoja au miwili ilitosha kwa mitungi kuanza kuvuma na kutoa povu. Pombe ilichujwa, machicha yakapewa mifugo, na kilichobaki kilikuwa kinywaji kizito chenye rangi ya udongo, kinacholisha kama uji na kulevya kwa kiasi, kwani pombe za nafaka za aina hii kwa kawaida huwa na kileo cha takriban asilimia 2 hadi 5. Ukali wake ulitegemea wingi wa kimea, muda wa kuchachuka na joto la majira, na mwanamke aliyejua kuyapima mambo hayo matatu bila saa wala kipimajoto alihesabiwa kuwa fundi. Inafaa kusisitizwa kwamba ufundi huo ulikuwa wa wanawake karibu wote, tangu kuteka maji na kutafuta kuni hadi kuonja na kutamka kwamba pombe imeiva, na kwamba maandishi mengi ya wakoloni yalijaa habari za wanaume waliolewa bila kumtaja aliyeipika.

Miongoni mwa maandishi ya mapema yanayoeleza upishi huu ni ya Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita Unyamwezi kati ya mwaka 1857 na 1858 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1860. Alieleza kwamba sehemu ya nafaka ilioteshwa, ikapondwa na kuchanganywa na unga wa sehemu nyingine, wakati mwingine pamoja na asali kidogo, kisha ikachemshwa zaidi ya mara moja katika vyungu vikubwa na kuachwa ichachuke; naye hakukosa kuona kwamba baada ya siku tatu pombe ilikuwa siki. Mwenzake, John Hanning Speke, ndiye aliyepita Usukuma akielekea kaskazini hadi akaliona ziwa mwanzoni mwa Agosti 1858, msimu ambao mavuno huwa yamekwisha kuingia ghalani na mitungi haikauki. Kwamba wasafiri hao na waliowafuata walizungumzia pombe mara kwa mara si ajabu: mara nyingi walipita wakati wa kiangazi, njia zilipokuwa kavu, nao ndio wakati ambao Wasukuma wenyewe walikuwa wakitembeleana.

Hata hivyo kunywa baada ya mavuno kulikuwa nusu tu ya maisha ya walwa. Nusu nyingine ilikuwa shambani, mvua zilipoanza. Vijana wa kijiji waliunganishwa katika kikundi cha kazi kilichoitwa elika, chini ya kiongozi aliyeitwa nsumba ntale, mtu aliyechaguliwa kwa uwezo wake wa kuamuru, kuhimiza na kusuluhisha. Mwenye shamba kubwa kuliko nguvu za nyumba yake aliwaomba waje kulima, naye kwa upande wake aliandaa chakula na pombe. Kazi hiyo ilifanywa kwa ngoma. Bugobogobo, mchezo wa majembe ambao leo huchezwa jukwaani hata nje ya Tanzania, ulizaliwa katika mistari ya walimaji walioinua na kushusha majembe kwa mapigo ya pamoja. Maofisa wa kikoloni waliofika jioni na kukuta vijana wamekaa kuzunguka mitungi waliandika juu ya nafaka inayopotezwa. Hesabu hiyo ilikuwa ya upande mmoja, kwa sababu magunia machache ya mtama yaliyopikwa yalikuwa yamelimisha shamba ambalo mavuno yake yangezidi magunia hayo mara nyingi, na yalifanya hivyo katika nchi ambayo fedha ilikuwa haba na kibarua wa kulipwa hakupatikana kwa urahisi. Tena malipo yalikuwa ya kuheshimiana: mtu hakuajiri jirani yake, alimkaribisha.

Sherehe kubwa kuliko zote zilikuwa mashindano ya ngoma, yaliyofuata mavuno, kuanzia karibu na Juni. Wachezaji wa Usukuma wamegawanyika tangu karne ya 19 katika vyama viwili vikuu, Bagika na Bagalu, ambavyo kwa mapokeo vilianzishwa na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, waliotaka kujua dawa ya nani ina nguvu zaidi. Makundi mawili hucheza katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Kwa hiyo kila ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa kundi, hujitahidi kuzua wimbo mpya, kiroja kipya au mchezo wa nyoka na fisi ambao watu hawajauona. Mashindano yanaweza kuendelea siku kadhaa, na watu hutoka mbali. Mwenyeji wa mkusanyiko wa namna hiyo alilazimika kuwa na pombe ya siku ya kwanza, ya siku ya pili na ya siku zinazofuata, na kwa kuwa haikuwezekana kuipika yote mapema na kuiweka, wapishi walipanga mitungi kwa zamu, kila nyumba ikiloweka nafaka yake siku moja baada ya nyumba nyingine. Mpango huo wa zamu ndio uliofanya sherehe iwe mali ya kijiji kizima. Hakuna nyumba moja, hata ya tajiri wa ng'ombe, iliyoweza kuibeba peke yake.

Wamisionari walikuta mpangilio huo ukiwa imara. Chama cha Kanisa la Anglikana, CMS, kilifungua kituo Nassa, katika Busega ya leo, mwaka 1888, na mwaka 1909 kituo hicho kikapokelewa na Africa Inland Mission, ambayo kanisa lililotokana nayo limeendelea hadi leo kuwataka waumini wake wasinywe kileo kabisa. Waadventista Wasabato, waliofungua vituo upande huu wa ziwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walikuwa na msimamo huohuo. Wakatoliki, ambao Mapadre Weupe wao waliweka kituo Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883, walikemea ulevi bila kuipiga marufuku pombe yenyewe. Tofauti hizo za mafundisho ziligawa sherehe. Katika koo zenye Wakristo wa Nassa na wasio Wakristo, harusi moja ilianza kuwa na vyungu vya aina mbili, na togwa, ambayo zamani ilikuwa kituo cha njiani kuelekea pombe, ikawa kinywaji cha heshima kinachojitegemea. Kwa njia hiyo mwanamke aliyeacha kupika pombe hakuacha kuotesha kimea, na maarifa yakaendelea kurithishwa hata ndani ya nyumba zilizoikataa pombe.

Sheria ilifuata mkondo mwingine. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliojulikana zaidi kwa kupinga biashara ya watumwa, ulikuwa pia na vifungu vya kuzuia vileo vikali visiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika; mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ulikaza zaidi, na hati ya udhamini ambayo chini yake Uingereza ilipewa Tanganyika mwaka 1922 ikaitaka serikali idhibiti vikali uuzaji wa vinywaji hivyo. Nia iliyotajwa ilikuwa kuwalinda Waafrika, lakini matokeo yake yalikuwa mgawanyo wa vinywaji kwa rangi: pombe kali za chupa zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika alibaki na kile kilichoitwa kileo cha wenyeji, ambacho nacho kilihitaji ruhusa. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, iliyopitishwa wakati wa Gavana Donald Cameron, iliwapa watemi mamlaka ya kutoa amri za kuzuia au kuratibu utengenezaji na unywaji wa pombe. Mtemi ambaye babu yake alikuwa akipelekewa mtungi wa kwanza sasa alitia saini amri za kupunguza mitungi, hasa miaka ya njaa, na hapana shaka kwamba kwa wengine jambo hilo lilikuwa zito.

Wakati huohuo pamba ilikuwa ikibadilisha uchumi wa sherehe kutoka chini. Zao hilo, lililoletwa wakati wa Wajerumani na kukuzwa sana na Waingereza, huuzwa kuanzia katikati ya mwaka, yaani katika msimu uleule wa ngoma. Mkulima aliyepokea fedha za pamba, hasa baada ya vyama vya ushirika kuenea na muungano wao, Victoria Federation of Co-operative Unions, kuundwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, alikuja uwanjani akiwa na noti mfukoni. Kulipokuwa na noti, palitokea mwenye kuuza. Wanawake, ambao mara nyingi fedha za pamba ziliishia mikononi mwa waume zao, waliona njia ya kuzipata: walipika pombe na kuiuza kwa kata, kando ya uwanja wa ngoma, karibu na vituo vya kununulia pamba na mnadani. Kilabu cha pombe, yaani nyumba au uwanja uliopewa leseni ya kuuzia vileo vya kienyeji, kilianza kuwa mahali pa kudumu, na ushuru wake ukawa pato la serikali za mitaa. Walwa ya kuuza haikutofautiana sana na walwa ya kukaribishia, ila muda: mwenye kuuza alitaka iive haraka, naye aliumia zaidi ikiharibika.

Hapo ndipo sukari ilipopata mlango. Wanzuki, pombe ya asali iliyokuwa ikinywewa na Wasukuma na Wanyamwezi, ambao misitu yao ya miombo ni nchi ya nyuki, ilikuwa kinywaji cha hadhi, chepesi machoni na kikali kichwani, na kwa kuwa asali haikupatikana kila siku iliandaliwa kwa tukio maalumu. Asali haihitaji kimea, kwani ni sukari tayari. Ukiichanganya na maji na kuitia chachu inaanza kazi mara moja. Sukari ya kiwandani, ambayo kampuni ya Tanganyika Planting Company ilianza kuizalisha Arusha Chini, karibu na mji wa Moshi, katika miaka ya 1930, na ambayo baada ya uhuru ilitoka pia Kilombero, ilifanya kazi ileile ya asali kwa bei nafuu, na wanzuki ikasambaa mbali na misitu yake hadi miji mingi ya Tanzania. Ukali wake sasa ulitegemea idadi ya kilo zilizotiwa. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuandaa kinywaji kikali cha sherehe bila shamba, bila kuotesha, bila majirani, na bila wiki nzima ya kungoja. Wapishi wengi hawakuiacha nafaka kabisa. Walichanganya, wakaongeza sukari katika pombe ya mtama au ya mahindi ili ikolee, na mseto huo ndio uliokuja kuwa wa kawaida katika vilabu vingi. Uhaba mkubwa wa sukari wa miaka ya mwanzo ya 1980, uliofuata vita vya Kagera na kudorora kwa uchumi, uliwarudisha wengi kwenye kimea kwa muda, jambo linaloonyesha kwamba ufundi wa zamani haukuwa umepotea.

Gongo ni hatua nyingine kabisa. Kinywaji hiki, ambacho sheria ya Tanzania hukiita moshi, hupatikana kwa kuchemsha pombe iliyokwisha kuchachuka ndani ya pipa lililofungwa, kuupitisha mvuke wake katika bomba linalopozwa kwa maji, na kukinga matone yanayotoka. Kileo huchemka katika nyuzi 78 za Selsiasi, chini ya nyuzi 100 za maji, kwa hiyo mvuke wa mwanzo huwa na kileo kingi. Historia ya ufundi huu katika Afrika Mashariki mara nyingi huhusishwa na askari wa Kinubi waliokuja na majeshi ya kikoloni, hasa Uganda na Kenya, ambako kinywaji chenyewe huitwa waragi na chang'aa. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba gongo haigeuki siki. Chupa inaweza kufichwa darini mwezi mzima, ikabebwa kwa baiskeli usiku, ikauzwa kwa vipimo vidogo kwa mtu mmoja mmoja. Kila sifa iliyoifanya walwa iite watu imekosekana ndani yake.

Serikali huru zilirithi marufuku ya wakoloni na kuiandika upya. Uganda, katikati ya miaka ya 1960, ilipitisha Sheria ya Enguli, yaani ya pombe ya kutoneshwa, iliyowataka watonezi wapate leseni na kuuza mazao yao kwa kiwanda cha kuyasafisha. Tanzania ilipitisha sheria yake ya utengenezaji wa moshi mwaka 1966, ikikataza kutonesha bila leseni, na mwaka 1968 ikafuata Sheria ya Vileo iliyoweka leseni na saa za kuuza, pamoja na za pombe za kienyeji. Kwa mama wa kijijini leseni ya kutonesha ilikuwa kitu cha mbali, na gongo ikaendelea kupikwa kwa siri. Usiri huo ulizidisha hatari. Gongo iliyotokana na nafaka au sukari safi ina madhara yanayotokana na wingi wa kileo, nayo si madogo. Vifo vya ghafla na upofu, hata hivyo, kwa kawaida huletwa na methanoli ya viwandani inayochanganywa na wauzaji ili kuongeza ukali, kama ilivyotokea Nairobi mwezi Novemba 2000, pale zaidi ya watu 100 walipokufa baada ya kunywa pombe iliyotiwa sumu hiyo. Mpishi wa walwa hakuwa na pa kuificha hila ya namna hiyo, kwa kuwa mtungi wake ulipikwa hadharani na yeye mwenyewe alitangulia kuonja mbele ya wageni.

Uvijijishaji wa mwaka 1974, ambao katika Usukuma uliwahamisha watu kutoka miji iliyotawanyika, yaani nyumba za koo zilizozungukwa na mashamba na malisho yao, na kuwaweka katika vijiji vya mpangilio, uliigusa pombe kwa namna ambayo haijaandikwa vya kutosha. Utemi ulikuwa umekwisha kuondolewa kisheria mwaka 1963; sasa na ujirani wa zamani uliokuwa ukipeana zamu za mitungi ukavunjwa na kupangwa upya kwa mistari. Elika zilibaki, lakini mara nyingi zililimia fedha, na sehemu ya fedha hizo ndiyo iliyonunua pombe. Sherehe za kitaifa, hasa Saba Saba, iliyoadhimisha kuzaliwa kwa chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954, ziliangukia msimu uleule wa mavuno na zikawapa Bagika na Bagalu uwanja mpya wa kushindania. Kanisa Katoliki nalo, kupitia Padre David Clement wa Bujora, karibu na Mwanza, ambaye aliasisi makumbusho ya Wasukuma hapo, liliiingiza ngoma katika sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, inayoitwa Bulabo, ambayo huangukia karibu na Juni na ambayo mpaka leo huwavuta wachezaji kutoka pande zote za Usukuma.

Viwanda viliingia katika msimu huo kwa hatua za polepole. Konyagi, pombe kali yenye kileo cha asilimia 35 inayotengenezwa Dar es Salaam, ilijulikana vijijini tangu miaka ya 1970. Baada ya Kampuni ya Bia Tanzania, iliyotaifishwa mwaka 1967, kubinafsishwa mwaka 1993, ushindani wa soko la Kanda ya Ziwa ulileta bia yenye jina la Balimi, yaani wakulima, na hakuna ushahidi bora kuliko jina hilo kwamba watengenezaji walijua bia yao inanunuliwa na nani na katika msimu gani. Kilichobadilisha unywaji zaidi ya bia, hata hivyo, kilikuwa viroba, vifuko vidogo vya plastiki vyenye pombe kali ya kumtosha mtu mmoja, vilivyouzwa kwa bei ya mfukoni hata kwa watoto wa shule na madereva wa bodaboda. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na ulichelewa. Kiroba kilikuwa kilele cha safari ndefu ya kukitenga kileo na mkusanyiko: kinywaji kikali kisichohitaji mtungi, kata wala mtu wa pili.

Leo katika vijiji vya Simiyu vileo vyote hivi huishi pamoja. Harusi ya mwenye uwezo huonekana kwa kreti za bia zilizopangwa chini ya turubai, huku walwa na wanzuki zikiuzwa au kugawiwa pembeni, na familia za Kisabato na za Africa Inland Church zikihudumiwa soda na togwa. Mtama wenyewe umepata mnunuzi mpya, kwa kuwa viwanda vya bia nchini sasa hununua mtama wa wakulima wa Tanzania pamoja na mahindi na shayiri, na nafaka ambayo maofisa wa ukoloni walilalamika kwamba inapotezwa kwa kupikwa pombe imekuwa zao ambalo mkulima anahimizwa alipande kwa ajili hiyohiyo. Magunia hutoka kijijini, bia hurudi kwa kreti, na faida kubwa ya kazi ya kuotesha, kuchachua na kuchuja hubaki njiani. Mwanamke anayepika kwa ajili ya kilabu hulipa ushuru wake kwa halmashauri, hununua kuni ambazo mama yake aliziokota, na huendelea kuupima uji kwa kidole kabla ya kuutia kimea, kwa sababu joto likizidi vimeng'enya hufa na likipungua wanga haukatiki, na hakuna leseni inayofundisha kiasi hicho.